Tamko Kuhusu Usimamizi wa Akaunti na Ruhusa za Kudhibiti Kompyuta Kutoka Mbali

Sisi wanachama wa chama cha wasimamizi wa mifumo na mafundi wa kompyuta nchini Tanzania tumekutana na kujadili kwa kina namna taasisi zinavyogawa ruhusa za kuingia kwenye kompyuta zao kutoka mbali. Kwa kauli moja tumeamua kutoa tamko hili kwa umma.

Msimamo wetu ni huu. Kila akaunti inayompa mtu uwezo wa kuishika kompyuta ambayo hayupo mbele yake lazima iwe na jina la mtu mmoja, iwe na mipaka inayolingana na kazi yake, na iwe na siku ya kufungwa. Akaunti inayokosa kimojawapo kati ya hivyo vitatu ifungwe, hata kama ni ya mkurugenzi, hata kama ni ya fundi tunayemwamini, hata kama ni ya mmoja wetu.

1. TUNACHOKIZUNGUMZIA

Programu za kudhibiti kompyuta kutoka mbali zimeingia katika kazi za kila siku. Ipo huduma iliyomo ndani ya Windows inayotumia itifaki ya RDP. Zipo TeamViewer na AnyDesk. Zipo pia programu za ukoo wa VNC, ulioanzia kwenye maabara ya utafiti mjini Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990. Kwa msaada wa programu hizi, fundi aliyeketi Dar es Salaam hurekebisha kompyuta ya zahanati iliyoko Kigoma, umbali wa zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kabla foleni ya wagonjwa haijarefuka. Mhasibu aliye safarini hufunga hesabu za mwezi bila kukatisha safari yake. Hatuzipingi programu hizi. Ndizo zinazotuwezesha kuwahudumia watu ambao zamani wangemsubiri fundi kwa wiki nzima.

Lakini ni vyema umma uelewe ukubwa wa uwezo anaopewa mwenye akaunti ya aina hii. Anasogeza kipanya na kuandika kana kwamba ameketi pale pale. Anahamisha mafaili kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Anaizima kompyuta na kuiwasha. Baadhi ya programu humruhusu kuifanya skrini iwe nyeusi ili mtu aliyeketi mbele ya kompyuta asione kinachoendelea. Na ikiwa programu imewekwa kwa namna ya kuingia bila mtu kuwepo, hahitaji hata kuomba ruhusa kwa aliye upande wa pili: nywila aliyonayo inatosha, usiku au mchana, sikukuu au siku ya kazi.

Kompyuta inayoshikwa kutoka mbali haimtambui mtu kwa sura wala kwa nia. Inaitambua akaunti. Yeyote anayekuja na akaunti sahihi na nywila sahihi hufunguliwa, awe mwajiriwa, awe mwajiriwa wa zamani, awe mwizi. Ndiyo maana tunasema kazi ya kusimamia akaunti ndiyo kazi ya ulinzi yenyewe, wala si shughuli ya makaratasi ya kuachiwa muda ukipatikana.

2. HALI TUNAYOIKUTA KAZINI

Wanachama wetu wanahudumia shule, hospitali, vyama vya akiba na mikopo, maduka ya jumla, hoteli na ofisi za umma. Yale wanayoyakuta yanafanana kiasi cha kutia hofu.

Wanakuta akaunti moja yenye jina la "admin" inayotumiwa na idara nzima, nywila yake imebandikwa pembeni mwa skrini. Wanakuta akaunti ya taasisi iliyofunguliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi. Fundi akiondoka, anaondoka na umiliki wa akaunti, na taasisi inabaki mgeni katika nyumba yake. Wanakuta namba ya simu inayopokea msimbo wa uthibitisho ni ya mtu aliyeacha kazi siku nyingi. Wanakuta programu ya kuingilia iliyowekwa na muuzaji wa mfumo wa hesabu au wa mashine za kaunta, mkataba wake umekwisha, lakini programu bado inawaka kila kompyuta inapowashwa. Wanakuta seva ambayo poti 3389 ya RDP imeachwa wazi kwa intaneti nzima, na kumbukumbu zake zimejaa majaribio ya kubahatisha nywila yanayofanywa na mashine zisizochoka.

Na karibu kila mahali wanakuta kwamba kila mwenye akaunti ni msimamizi mkuu. Karani anayehitaji kuona ripoti moja amepewa uwezo wa kufuta mfumo wote.

Hatusemi haya ili kuwafedhehesha wenzetu. Sababu zake tunazijua. Ya kwanza ni gharama: taasisi ndogo inanunua leseni ya mtumiaji mmoja kisha watu wanane wanaitumia kwa zamu, au inatumia toleo la bure lililokusudiwa matumizi binafsi, ambalo halina sehemu ya kusimamia watumiaji wengi. Ya pili ni haraka: mfumo umekwama, wateja wamesimama, bosi anasema "mpe tu nywila aingie," na baada ya tatizo kwisha hakuna anayerudi kuibadilisha. Ya tatu ndiyo nzito zaidi, nayo ni adabu. Katika ofisi zetu, kumwambia mtu mzima "fungua akaunti yako mwenyewe" husikika kana kwamba unamtuhumu, na kumnyima mkuu wa idara ruhusa ya msimamizi husikika kama utovu wa heshima. Basi tunaaminiana, tunapeana, na tunanyamaza.

Tunawaomba Watanzania tuondokane na fikra hiyo. Hakuna mwenye nyumba anayechonga funguo kumi za mlango wa mbele na kuzigawa bila kujua kampa nani, hata kama wote aliowapa ni jamaa zake. Akaunti yenye jina haimtuhumu mtu. Inamlinda, na katika sehemu inayofuata tutaonyesha kwa nini.

3. YALIYOTOKEA KWINGINE

Tarehe 5 Februari 2021, katika mtambo wa kusafisha maji wa mji wa Oldsmar, jimbo la Florida, Marekani, mfanyakazi wa zamu aliona kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini. Kiwango cha sodiamu haidroksaidi kinachotiwa kwenye maji kilipandishwa kutoka sehemu 100 kwa milioni hadi 11,100. Mfanyakazi yule alikirudisha mara moja, na maji hayakuwafikia wakazi yakiwa na madhara. Taarifa zilizotolewa baada ya tukio zilieleza kwamba mtambo ulikuwa na TeamViewer, na kwamba kompyuta zake zilitumia nywila moja ya kuingilia kutoka mbali.

Dunia nzima ilisikia habari za uvamizi. Lakini mwaka 2023 aliyekuwa meneja wa mji huo alisema hadharani kwamba huenda halikuwa shambulio bali kosa la mfanyakazi, na shirika la upelelezi la FBI likaeleza kwamba halikuweza kuthibitisha kuwa tukio lilianzishwa na mvamizi wa mtandaoni.

Sisi hatuna la kuamua katika mzozo huo. Tunachokiona ni kwamba jambo lililohusu maji ya kunywa ya mji mzima lilifika miaka miwili baadaye likiwa halina jibu la swali jepesi kabisa: ni nani aliyekishika kile kipanya? Na pale ambapo watu wengi wanatumia nywila moja, swali hilo halijibiki. Kama ni mvamizi, amejificha nyuma ya wafanyakazi. Kama ni kosa la mfanyakazi mmoja, wenzake wote wanabaki na doa. Mtu asiye na hatia hana namna ya kujitetea, kwa sababu kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha akaunti ambayo na yeye aliitumia. Mwenye akaunti yake peke yake angeweza kusema: tazameni, saa hiyo sikuwamo. Hilo ndilo tunalolimaanisha tunaposema jina humlinda mwenye nalo.

Miezi mitatu baada ya tukio la Oldsmar, tarehe 7 Mei 2021, kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani ilisimamisha bomba lake la mafuta lenye urefu wa kilomita zipatazo 8,850 baada ya wahalifu kufunga mafaili yake na kudai fidia. Walikuwa wameingia kwa akaunti ya zamani ya kujiunga na mtandao wa kampuni kutoka mbali. Akaunti hiyo ilikuwa haitumiki tena, lakini hakuna aliyeifunga. Haikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili, yaani msimbo unaotakiwa baada ya nywila. Nywila ilitosha. Kampuni ililipa bitcoin 75, sawa na takriban dola milioni 4.4 za wakati huo. Akaunti moja isiyo na mwenyewe, iliyosahauliwa na kila mtu isipokuwa wahalifu, ilifanya watu wapange foleni kwenye vituo vya mafuta katika majimbo kadhaa.

Februari 2024 ilikuwa zamu ya Change Healthcare, kampuni inayopitisha malipo ya hospitali na maduka ya dawa nchini humo humo. Aliyekuwa mkuu wa kampuni mama, Andrew Witty, aliliambia Bunge la Seneti tarehe 1 Mei 2024 kwamba wahalifu waliingia tarehe 12 Februari kwa akaunti iliyoibwa, kupitia lango la kuingilia kompyuta kutoka mbali ambalo halikuwa na uthibitisho wa hatua ya pili. Walizunguka ndani kwa siku tisa kabla ya kuufunga mfumo tarehe 21. Fidia iliyolipwa ilikuwa dola milioni 22. Taarifa za watu takriban milioni 190 ziliguswa. Siku tisa hizo zinatufundisha kwamba mlango uliopitwa ni nusu tu ya msiba. Nusu ya pili ni umbali ambao mtu aliyeingia anaweza kutembea ndani ya nyumba, na umbali huo huamuliwa na ruhusa.

Februari hiyo hiyo ya 2024 kasoro kubwa iligunduliwa katika ScreenConnect, nayo ni programu ya kudhibiti kompyuta kutoka mbali. Mtu asiye na nywila yoyote aliweza kuianzisha upya hatua ya usanidi wa kwanza na kujitengenezea akaunti mpya ya msimamizi. Waliokuwa wakiikagua orodha ya watumiaji wao waliweza kuliona jina lisilojulikana. Waliokuwa hawaikagui hawakuwa na namna ya kulitambua, kwa sababu hawakujua majina yaliyopaswa kuwamo.

Na tusidhani mambo haya ni ya makampuni makubwa ya ng'ambo pekee. Februari 2019, Benki Kuu ya India ilizitahadharisha benki za nchi yake kuhusu matapeli wanaompigia mteja simu, wanamshawishi asakinishe AnyDesk kwenye simu yake na kuwasomea namba inayotokea, kisha wanaikomba akiba yake huku akitazama. Sisi tuliozoea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" tunaujua ulaghai huo ulivyo. Leo tapeli hahitaji hata utume pesa. Anataka umpe ruhusa ya kuishika simu yako, atatuma mwenyewe.

4. MSIMAMO WETU

Kwanza, jina. Kila mtumiaji awe na akaunti yake, yenye nywila yake, isiyojulikana na mtu mwingine, akiwemo bosi wake na fundi wake. Pawe na uthibitisho wa hatua ya pili kwa kila anayeingia kutoka nje ya ofisi, na msimbo ufike kwenye simu ya mwenye akaunti. Akaunti mama ya programu ifunguliwe kwa barua pepe ya taasisi, kamwe isiwe ya mtu binafsi. Msimamizi wa mfumo awe na akaunti mbili: moja ya kazi za kawaida, nyingine ya usimamizi, na hiyo ya pili asiitumie kusoma barua pepe wala kuperuzi mtandao.

Tunatoa tahadhari maalumu kuhusu VNC ya mtindo wa zamani. Namna yake ya asili ya kumtambua mtu haina jina la mtumiaji kabisa. Inauliza nywila tu, na katika nywila hiyo inazingatia herufi 8 za mwanzo, zinazofuata inazipuuza. Taasisi inayoitumia kwa namna hiyo haiwezi kutimiza sharti la jina hata ikitaka. Ihamie kwenye matoleo yanayomtambua mtumiaji kwa akaunti yake.

Pili, mpaka. Mwaka 1975 wanasayansi wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kukamilisha kazi yake. Kanuni hiyo haijachakaa. Anayehitaji kutazama apewe kutazama. Anayehitaji kumsaidia mtumiaji aingie pale tu mtumiaji anapokubali, na aliye mbele ya skrini awe na uwezo wa kukata mawasiliano wakati wowote. Uwezo wa kuhamisha mafaili, kunakili maandishi kutoka kompyuta moja kwenda nyingine na kuifanya skrini iwe nyeusi uzimwe kwa wote, kisha uwashwe kwa yule ambaye kazi yake inauhitaji. Mhasibu asifike kwenye seva ya maabara, wala fundi wa printa asifike kwenye mfumo wa mishahara.

Katika Windows, wote waliomo kwenye kundi la wasimamizi huweza kuingia kwa RDP bila kuongezwa popote. Kwa hiyo taasisi inayomfanya kila mtu kuwa msimamizi inakuwa imempa kila mtu pia ruhusa ya kuingia kutoka mbali, pengine bila kujua. Lipo kundi maalumu la watumiaji wa RDP wasio wasimamizi. Litumike. Na RDP isiachwe wazi kwa intaneti: anayetaka kuifikia apite kwanza kwenye njia iliyofungwa ya mtandao wa taasisi, na akaunti ijifunge kwa muda baada ya makosa machache ya nywila.

Tatu, mwisho. Ruhusa ya mzabuni iandikwe tarehe ya kwisha siku ile ile inapotolewa. Mifumo mingi, Windows ikiwemo, ina sehemu ya kuweka tarehe hiyo, na akaunti hujifunga yenyewe bila kumsubiri anayeweza kusahau. Mtumishi anayeacha kazi, akaunti zake zifungwe siku anayoondoka, kabla hajakabidhi kitambulisho cha getini. Anayehamishwa idara, ruhusa za idara aliyotoka ziondolewe kabla hajapewa za anakokwenda. Tunalisisitiza hili la uhamisho kwa sababu ndilo linalosahauliwa kuliko yote: mtumishi wa miaka mingi hukusanya ruhusa za kila meza aliyowahi kukalia, na akaunti yake ikiibwa, mwizi anarithi historia nzima ya ajira yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila taasisi iwe na daftari la ruhusa: nani anaingia, kwenye kompyuta gani, kwa programu gani, kwa kazi gani, aliidhinishwa na nani, hadi lini. Angalau kila baada ya miezi mitatu daftari hilo lilinganishwe na orodha halisi iliyomo kwenye mfumo, na jina lisilo na maelezo liondolewe. Kumbukumbu za kuingia zihifadhiwe mahali pengine mbali na kompyuta inayohusika, kwa sababu zikijaa hufuta za zamani, na mvamizi akipata usimamizi huanza kwa kuzifuta. Katika Windows, tukio namba 4624 la aina ya 10 huonyesha aliyefanikiwa kuingia kwa RDP, na tukio namba 4625 huonyesha aliyeshindwa. Ofisa TEHAMA ayasome matukio hayo kila wiki. Kumbukumbu isiyosomwa haimzuii mtu.

Tunajua kuna siku ya dharura, msimamizi anapougua au anapofiwa na mfumo unakwama. Kwa siku hiyo pekee, ikiwa ndiyo tofauti moja tu na masharti yetu, iwepo akaunti moja ya akiba, nywila yake iwe ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutunzwa na mkuu wa taasisi. Ikifunguliwa, iandikwe nani kaifungua na kwa nini, kisha nywila ibadilishwe baada ya matumizi.

5. SHERIA INASEMAJE

Haya tunayoyadai si mapenzi ya mafundi tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza, katika kifungu cha 4, kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Kifungu cha 5 kinaenda mbele zaidi: kinamkataza mtu kubaki ndani ya mfumo au kuendelea kuutumia baada ya muda aliopewa kwisha. Wamiliki wa taasisi watafakari. Utawezaje kumshitaki mtu kwa kupitiliza muda ikiwa hukuwahi kumwekea muda?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde dhidi ya kufikiwa na wasiohusika. Hospitali ambayo kompyuta ya wodi inafunguka kwa nywila inayojulikana na watu wasiohesabika haiwezi kudai kwamba inazilinda taarifa za wagonjwa wake. Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inamtaka mwajiriwa asalimishe nywila na haki zote za kuingia kwenye mifumo ya mwajiri mara tu ajira inapokwisha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data pale taarifa binafsi zinapofikiwa na wasiohusika na kuwepo hatari ya madhara. Tunatamani wajibu wa kusalimisha nywila uandikwe wazi namna hiyo na hapa kwetu.

6. WITO WETU

Kwa wakuu wa taasisi na wamiliki wa biashara: ndani ya siku 90 tangu kutolewa kwa tamko hili, fanyeni sensa ya programu zote za kuingilia kutoka mbali zilizomo kwenye kompyuta zenu. Ondoeni zile zisizo na mwenyewe. Chagueni moja, ya leseni halali, na mwache nyingine zote. Msidai nywila za watumishi wenu. Mkitaka kuona wanachofanya, someni kumbukumbu za mfumo. Nanyi wenyewe muwe wa kwanza kukubali ruhusa ndogo, maana mkuu akikubali mpaka, hakuna wa chini yake atakayeona aibu kuupokea.

Kwa wauzaji wa mifumo ya hesabu, ya hospitali na ya maduka: acheni kutumia nywila moja kwa wateja wenu wote. Nywila hiyo ikivuja kwa mteja mmoja, wote wameingiliwa. Ombeni ruhusa mnapoihitaji, na mkimaliza kazi mwambieni mteja aifunge.

Kwa watengenezaji na wasambazaji wa programu hizi: wekeni bei ambayo shule ya kata na zahanati ya kijiji wataiweza, ili akaunti ya kila mtu isiwe anasa ya matajiri. Uthibitisho wa hatua ya pili na kumbukumbu za matumizi viwemo katika kila toleo mnaloliuzia taasisi, hata la bei ya chini. Na andikeni maelezo kwa Kiswahili, hasa lile dirisha linalomuuliza mtu kama anakubali kompyuta yake ishikwe na mwingine. Mtu hawezi kutoa ridhaa kwa lugha asiyoielewa.

Kwa Serikali na mamlaka zake: miongozo ya TEHAMA ya taasisi za umma iweke sharti la jina, mpaka na mwisho kwa kila ruhusa ya kuingia kutoka mbali, na wakaguzi wa hesabu walikague daftari la ruhusa kama wanavyokagua daftari la mali. Vyuo vinavyofundisha TEHAMA viweke usimamizi wa akaunti katika masomo ya mwaka wa kwanza, mwanafunzi ajifunze kufunga akaunti kabla hajajifunza kujenga mtandao.

Kwa wananchi: hakuna benki wala kampuni ya simu yenye sababu ya kukutaka usakinishe programu ya kuishika simu yako. Anayekupigia akikutaka usome namba inayotokea kwenye skrini, kata simu, kisha upige wewe mwenyewe kwa namba rasmi ya huduma. Kama umekwisha kumpa ruhusa, zima intaneti ya simu, ondoa programu hiyo, badili namba zako za siri na utoe taarifa benki na polisi siku hiyo hiyo.

7. AHADI ZETU

Tusingeweza kuyadai haya kwa wengine bila kujifunga wenyewe. Kwa hiyo, kuanzia leo, kila mwanachama wetu anabanwa na masharti haya.

Hataingia kwenye kompyuta ya mteja kwa akaunti ya mtu mwingine, hata akiombwa, hata kazi ikiwa ya haraka. Atataka afunguliwe akaunti yake, ya muda wa kazi hiyo.

Hatafungua akaunti ya mteja kwa barua pepe yake binafsi. Waliokwisha kufanya hivyo watakabidhi umiliki kwa wateja wao ndani ya siku 30.

Hataacha programu ya kuingilia bila mtu kuwepo isipokuwa mteja ameiidhinisha kwa maandishi, na mkataba ukiisha ataiondoa na kukabidhi hati inayoonyesha kwamba ameiondoa.

Atamfundisha mteja, kabla ya kuondoka, jinsi ya kuitazama orodha ya wanaoweza kuingia na jinsi ya kumfungia yeyote, akiwemo fundi mwenyewe.

Mwanachama atakayevunja masharti haya ataitwa mbele ya kamati ya maadili, na ikithibitika atasimamishwa uanachama. Mteja yeyote ana haki ya kuleta malalamiko, nasi tutayasikiliza kwa haki.

Tunajua masharti haya yatatupunguzia wateja wanaotaka mambo ya haraka, na kuna kazi tutakazozikosa kwa kukataa kupokea nywila ya mtu mwingine. Tumelijadili hilo na tumelikubali. Fundi asiyekuwa tayari kuwekewa jina, mpaka na mwisho hana haki ya kupewa kompyuta ya hospitali, ya shule wala ya chama cha akiba, na sisi hatutamtetea.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama wote.